Mama Mkwe Mbele ya Jopo

8 Septemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha asubuhi, na vumbi jeusi la barabarani limegeuka uji. Mke wangu Domitille amechoka nami. Ameniambia kwamba mwalimu mstaafu anayeshinda nyumbani ni kazi ya ziada. "Unanielezea hata namna ya kumenya viazi, muzee. Kwenda ueleze fasi ingine."

Basi nimekwenda. Padri amenipatia chumba kidogo nyuma ya kanisa, meza moja na mabenchi, nami nitakaa pale kila asubuhi kuwasaidia wanaotafuta kuingia chuo kikuu. Uandikishaji umefunguliwa leo. Niliongoza shule ya sekondari muda mrefu, bado watu wananiita Préfet, lakini mambo ya chuo yamebadilika na mimi pia ninajifunza.

10 Septemba

Watu wanadhani mlango wa chuo ni mmoja, na kwamba mwenye akili anaupita. Leo nimewaeleza vijana kwamba milango ni mingi, na kila mmoja una ufunguo wake. Aliyemaliza sekondari mwaka huu na kupata alama nzuri katika mtihani wa Serikali anaingia kwa dosye tu: diploma au cheti cha muda, alama za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, picha. Mwenye alama za chini anafanya mtihani wa maandishi. Aliyesoma ushonaji na sasa anataka udaktari anapitia kwanza mwaka wa matayarisho. Anayehama chuo kingine lazima alete alama zake na barua ya kumwachilia, na hapo ndipo pana machozi, kwa kuwa vyuo vingine walimu wao wametawanyika na vita, na hakuna wa kutia sahihi.

Kijana mmoja ameniuliza: "Na mwenye hana kitu, Préfet?" Wenzake wamecheka. Nimemwambia alete kwanza cheti cha kuzaliwa.

12 Septemba

Amekuja msichana anaitwa Mukamurenzi. Familia yake ilikimbia kupitia mpaka wa Bunagana alipokuwa mdogo, akasomea Uganda hadi mwisho wa sekondari, sasa wamerudi. Cheti chake ni kizuri sana, lakini hapa hakisomeki kama diploma yetu. Lazima upatikane ulinganisho, yaani karatasi ya wizara inayosema kwamba masomo ya kule ni sawa na ya huku.

"Muzee, ku Uganda banasema miye ni Mukongomani. Apa banasema diplome yangu ni ya Uganda. Miye niko wa wapi?"

"Wewe ni wa kundi la tatu," nimemwambia. "Wenye diploma za nje, ukurasa wa pili wa kanuni."

Ameniangalia kwanza, kisha akacheka mpaka benchi likatikisika. Msichana anayecheka hivyo atafika.

15 Septemba

Leo nimeonana na Mama Gisèle, mkuu wa ofisi ya uandikishaji ya chuo. Nilimpelekea dosye za vijana wangu, akazirudisha zote kwa sababu picha zilipigwa mbele ya pazia la maua. Kanuni inataka ukuta mweupe.

"Mama, hawa watoto wametoka Kibati kwa miguu kwenye mvua."

"Papa Préfet, mvua haikuwaambia wasimame mbele ya maua."

Nimerudi nyumbani nikimsema njia nzima. Ni mwanamke mkavu. Domitille amenisikiliza, kisha akasema ninamchukia kwa kuwa anafanana nami.

16 Septemba

Mvua kubwa. Hakuna aliyekuja.

19 Septemba

Vijana walipokwisha kuondoka, aliingia Mama Rosette. Lazima nieleze ni nani. Anauza vitenge katika soko la Birere, ni mjane, ametoka milima ya Masisi. Binti yake Olive ameposwa na Bienvenu, mtoto wa mdogo wa Domitille, na mimi ndiye niliyesema kwa niaba ya familia yetu siku tulipopeleka posa. Kwa hiyo nilipomwona nilifikiri kuna matatizo ya ndoa, nikaanza kutafuta maneno ya adabu.

"Muzee, sikuye juu ya mambo ya batoto," akasema. "Nakuya juu ya mambo yangu."

Akatoa diploma yake ya Serikali kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Aliipata mwaka uleule aliokuwa na mimba ya Olive. Alama nzuri. Baadaye yalikuja maisha: ndoa, kukimbia Masisi, kifo cha mume, kibanda cha Birere. Anataka kusoma sheria.

Nilimwuliza kwa nini sheria. Alisema akina mama wa sokoni wakigombana juu ya kibanda au mzigo uliokwama mpakani, wanakuja kwake, naye anaamua. "Banakubali yenye nasema. Lakini kila mara nikirudi ku nyumba najiuliza: ni nani alinipa hiyo ruhusa? Pengine niliumiza mutu na sijue."

Nimefikiria neno hilo mchana wote. Nimewajua mahakimu wengi ambao hawakuwahi kujiuliza hivyo.

Mlango wake ni mwingine, ule wa watu wazima. Kanuni inasema kwamba mwenye diploma ya zamani hafanyi mtihani wa vijana. Anaitwa mbele ya jopo la walimu watatu, wanamwuliza kwa mdomo, na kila mmoja anatoa alama. Anayeanguka hawezi kurudi mbele ya jopo tena, hata mwaka mwingine. Nimemweleza hayo mara mbili, ili asije kusema sikumwambia.

"Usiambie Olive," akasema akiwa mlangoni. "Na Bienvenu hata kidogo. Mukwe asisikie kama mama mukwe anaomba masomo kule anafundisha. Kama naanguka, nianguke kimya."

Bienvenu ni mwalimu msaidizi katika kitivo hichohicho cha sheria. Lakini wanafunzi ni wengi, na nyumba za chuo ni nyingi. Hatukuona tatizo.

24 Septemba

Mama Rosette anasoma katikati ya wateja. Nimepita Birere kumpelekea kitabu, nikamkuta ana mita ya kupimia shingoni na katiba magotini. Mteja alikuwa anamngoja. "Mama, unauza ao unasali?" Akamjibu bila kuinua kichwa: "Chagua rangi, nakuya."

1 Oktoba

Leo nimeona kitu ambacho lazima nikiandike vizuri.

Nilikuwa kwenye foleni ya Mama Gisèle na picha mpya, ukuta mweupe safari hii. Akaingia bwana mmoja mkubwa na walinzi wake wawili, na kijana nyuma yao anayeangalia viatu vyake. Foleni ikajifungua yenyewe. Bwana akasema kijana aandikwe udaktari leo. Mama Gisèle akafungua dosye, akaisoma yote, taratibu, kama alivyosoma za watoto wa Kibati.

"Alama zake ni za chini. Atafanya mtihani Jumamosi, saa mbili, alete kalamu ya buluu."

"Mama, unanijua miye?"

"Nimekujua, bwana. Na picha pia si nzuri, iko na pazia."

Mlinzi mmoja alijikuna shingo. Bwana mkubwa alimwangalia muda mrefu, kisha akachukua dosye akatoka, na kijana akamfuata. Mlangoni kijana aligeuka akasema polepole, "Asante, mama. Jumamosi nitakuya." Nadhani hata yeye hakutaka udaktari wa namna ile.

Ilipofika zamu yangu nilitoa picha zangu kwa mikono miwili, kama mwanafunzi. Niliyoandika juu ya mama huyu tarehe 15 nayaacha yalivyo, lakini sasa nina mengine ya kuongeza.

2 Oktoba

Mabati ya parokia yanavuja juu ya meza yangu. Tumesogeza meza.

9 Oktoba

Mukamurenzi amepata jibu la kwanza: chuo kimempokea kwa muda, akingoja karatasi ya ulinganisho. Yeye pia amechagua sheria. Amekaa na Mama Rosette kwenye benchi, mmoja anasoma swali, mwingine anajibu. Msichana anamsahihisha bila woga na mama anakubali bila kinyongo. Ni wachache wanaoweza jambo lolote kati ya hayo mawili.

20 Oktoba

Tarehe ya jopo imetoka: Jumatatu ijayo.

27 Oktoba

Nimekaa mezani tangu niliporudi, na Domitille ameniletea chai bila kuniuliza kitu. Sasa ninaweza kuandika.

Tulifika mapema. Mama Rosette alivaa kitenge chake cha sikukuu na kilemba kilichofungwa vizuri. Walikuwepo wengine wa mlango wake, wote wakiomba sheria: muuguzi wa miaka mingi, fundi wa redio, askari mstaafu. Mama Gisèle aliangalia vitambulisho, akaita majina. Alipomwita Rosette alifungua mlango yeye mwenyewe, na mimi niliyekuwa ukutani niliona ndani.

Majina ya walimu wa jopo hayatangazwi kabla, ili watu wasiwapelekee kuku. Ni kanuni nzuri. Katikati ya meza alikuwa Profesa Kasereka, mkuu wa kitivo. Kushoto kwake, mwalimu mzee wa historia ya sheria. Kulia, kichwa kimeinamia karatasi, Bienvenu.

Aliinua kichwa.

Mama Rosette alivuta kitenge juu ya uso, akageuka, akaondoka. Hakukimbia. Alipita ukumbi wote kwa hatua zake za kawaida na kuingia katika mvua. Bienvenu naye alisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka, akatoka kwa mlango wa nyuma, ambao si wa kutokea. Ni wa stoo ya mafagio, na mlango wake wa nje una kufuli.

Profesa Kasereka alibaki na kalamu hewani. "Ni nini? Iko nyoka?"

"Ni mukwe, Doyen," akasema mzee wa historia.

Kwa atakayesoma ukurasa huu baada yangu na asielewe, naeleza. Kwetu sisi Bashi, na kwa watu wa Masisi vilevile, mama wa binti na mume wa binti hawakai wakitazamana. Hawali meza moja, hawatajani jina. Wakikutana njiani, kila mmoja anaangalia upande wake. Mmoja akiwa na neno la kumwambia mwenzake, analipitisha kwa mdomo wa mtu mwingine, hata kama wote watatu wako chumba kimoja na kila mtu anasikia. Si chuki. Ni namna ya kusema: ninakuheshimu kiasi kwamba sikuzoei. Na mtu aliyelelewa hivyo hafikiri kwanza. Miguu yake inaondoka yenyewe.

Sasa wazia kuulizwa maswali na mkwe, kupewa alama na mkwe, pengine kuangushwa na mkwe.

Nilimtoa Bienvenu katikati ya mafagio. "Papa, nimemufukuza mama yangu mukwe ku chuo." Profesa alitusikia. Alisema kwa ukali, na sisemi alikosea, kwamba chuo si lupango ya mtu, si ua wa kupelekea mahari. "Hapa hakuna mukwe. Hapa kuna mutahiniwa na jury."

Nje, mama alikuwa ameshapanda pikipiki.

28 Oktoba

Olive amekuja kwetu na moto kichwani.

"Mama anataka kuwa bleu! Wa kwanza mwaka, na batoto banamupaka chaki ku uso! Na miye njo wa mwisho kujua?"

"Ungejua mbele, ungefanya je?" Domitille akamwuliza, akiendelea kuchagua maharage.

"Ningecheka."

"Basi, njo juu ya ile hakukuambia."

Olive alikaa. Baada ya muda alisema kwa sauti nyingine kabisa: "Alikuwa ananiambia anaenda ku mafundisho ya kwaya. Mama yangu. Mwenye hajue kuimba." Kisha akalia, na nadhani ilikuwa fahari zaidi kuliko hasira.

Jioni alikuja Bienvenu, akakataa chakula. Anataka kujiondoa kwenye jopo. Nimemweleza kwa nini haiwezekani. Kanuni inataka walimu watatu wenye cheo, na jana nimejua kwamba tangu vita kitivo kimebaki na hao watatu tu. Wakiwa wawili, jopo linavunjika, na muuguzi, fundi na askari mstaafu wanapoteza mwaka pamoja na mama.

"Basi nioe haraka," akasema. "Nikiwa mume wa Olive mbele ya Serikali, niko ndugu, na ndugu hawezi kuuliza ndugu."

"Ndipo utatoka kwenye jopo, na jopo litavunjika."

Alishika kichwa. Mapokeo yanasema yeye ni mkwe tangu siku ya posa. Sheria inasema bado si kitu. Amefundisha jambo hili darasani mara nyingi, na leo limemkalia kifuani.

30 Oktoba

Mama Rosette amefunga kibanda siku mbili. Leo amekuja parokiani. Vijana wamempa nafasi kwenye benchi bila kuambiwa.

Mmoja wao, kwa moyo mzuri, alisema yuko na binamu kwenye kituo cha afya. "Mama, kikaratasi cha malaria tu. Utasema ulikimbia juu ya homa."

Mama Rosette alimshukuru. Halafu akasema: "Mwanangu, nataka kuingia ku sheria. Nikiingia na uongo, siku ya kwanza tayari niko mushitakiwa."

Nilikwenda kwa Mama Gisèle nikiwa sina la kusema. Ninajua sababu zinazokubaliwa na kanuni: ugonjwa, msiba, barabara kufungwa na vita. Mkwe hayumo. Nilimwuliza kama tayari ameandika kwamba mtahiniwa hakufika.

"Siwezi kuandika vile, Papa Préfet."

"Nashukuru huruma yako, mama, lakini..."

"Haiko huruma. Alifika. Nilimwona na macho yangu, nilishika kitambulisho chake, nilimfungulia mlango. Kuandika hakufika ni uongo. Alifika, na jury haikumusikiliza. Sasa jury njo iko na deni."

Nilitaka kumshika mkono. Sikuthubutu.

3 Novemba

Mvua.

4 Novemba

Mvua. Mukamurenzi ananiuliza kila asubuhi kuna habari gani. Hakuna.

7 Novemba

Nimekwenda kwa Profesa Kasereka. Alikuwa ofisini, mvua inapiga mabati hivi kwamba tulizungumza kwa kupaza sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Mama Gisèle alikuwepo pia, amesimama na kanuni mkononi.

"Muzee Préfet," Profesa alianza, "miye niko Munande wa Butembo. Unafikiri sijue bukwe ni nini? Mama mukwe wangu alikaa ku nyumba yangu wiki tatu na sikumwona ata kisigino. Lakini kama leo naachia mukwe, kesho watanileta shemeji, na kesho kutwa babu. Wanafunzi watasema nini?"

Ni hoja ya haki, nami nilimwambia hivyo. Kisha nikamwuliza: wiki zile tatu, paa la nyumba lilipovuja, yeye na mama mkwe wake walielewana vipi?

"Kupitia mutoto wangu."

"Na mlielewana?"

Akavua miwani. "Vizuri kuliko na binti yake, bibi yangu," akasema, na Mama Gisèle akaangalia dirisha ili asicheke.

Ndipo yeye Gisèle aliposema, kwa sauti yake ileile ya picha na pazia: "Doyen, kifungu kinasema jury imusikilize mutahiniwa. Hakisemi imwone."

Profesa alikisoma kifungu. Akakisoma tena. Akasema kama ni hivyo basi itakuwa hivyo kwa masharti yake: maswali ni yaleyale, ugumu ni uleule, na anayepitisha maneno arudie tu. "Na huyu atakuwa wewe, Muzee, kwa sababu wewe ulipeleka posa. Lakini ukieleza kitu, ata neno moja la kueleza, nakutosha inje ya chumba."

Nilipomsimulia Domitille, alicheka hadi akakaa chini. "Wewe? Bila kueleza? Masikini mama Rosette, ameanguka."

17 Novemba

Waliweka ubao wa magurudumu katikati ya chumba. Upande mmoja meza ya jopo, upande mwingine kiti kinachoangalia dirisha. Mimi nilisimama ukingoni mwa ubao, naona pande zote mbili. Bienvenu aliingia kwanza na kukaa. Kisha Mama Rosette aliingizwa na Mama Gisèle kwa mlango wa stoo ya mafagio, kufuli la nje likiwa limefunguliwa, kitenge juu ya kichwa, macho chini.

Profesa na mzee wa historia waliuliza moja kwa moja, nao walijibiwa vizuri. Ikafika zamu ya tatu.

"Papa," Bienvenu aliniambia, akiwa anaangalia meza, "uliza mutahiniwa. Mwanamke ameuza kibanda chake Birere. Siku ya pili mume anakuya, anasema kibanda ni chake pia, na bibi hakumuomba ruhusa. Mutahiniwa angeamua je?"

Nilirudia neno kwa neno. Sikuongeza kitu, ingawa ulimi uliniwasha.

"Muzee, ambia mwenye ameuliza: ku Birere tunaita mume, tunamuuliza alikuwa wapi wakati bibi alikuwa anajenga hicho kibanda."

Mzee wa historia alikohoa kicheko. Bienvenu hakucheka.

"Papa, ambia mutahiniwa sikuuliza Birere inafanya je. Nimeuliza yeye angeamua je."

Niliona mikono ya mama ikikunja na kukunjua pindo la kitenge. "Muzee, ambia mwenye ameuliza: singeamua. Katika habari yake nimesikia mume tu. Bibi hajasema kitu, na mwenye alinunua pia hajasema kitu."

Bienvenu aliandika. Nilishusha pumzi mapema mno, maana aliuliza tena: kuna tofauti gani kati ya sheria inayopitishwa na bunge na agizo la waziri, na yakipingana, lipi linashika? Ni swali gumu kwa mtu asiyekaa darasani. Nilimwangalia kijana wetu nikafikiri, kwa nini? Nilijua jibu. Nilijua hata mfano mzuri. Profesa alikuwa ananikazia macho.

"Muzee, ambia mwenye ameuliza: sijue. Na sitaki kubahatisha."

"Papa, ambia mutahiniwa: asante. Sina swali lingine."

Mama alitokea kwa stoo ya mafagio. Nje aliniuliza kitu kimoja tu: "Sauti yake ilikuwa inatetemeka, ao ni masikio yangu?"

Nilikuwa huru kueleza sasa. Nikaona afadhali nisieleze. Nilimwambia ilikuwa inatetemeka.

18 Novemba

Domitille amemwuliza Bienvenu bila kuzunguka: "Ulimuuliza swali ngumu juu ya nini?" Akajibu: "Mama mukubwa, fundi wa redio nilimuuliza hilohilo. Kama ningemuuliza rahisi, angejua. Angeingia chuo akijua mukwe wake alimubeba mugongoni. Angeniangalia namna gani?" Kisha akakumbuka kwamba kwa vyovyote haruhusiwi kumwangalia, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Nilimfahamu kijana huyu tangu akiwa anatambaa. Nilidhani namjua.

24 Novemba

Matokeo yamebandikwa. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, ukuta bado unatoa maji. Tulikwenda pamoja: Mama Rosette, Olive, Mukamurenzi na mimi. Kwenye chuo hiki alama za kila mwalimu wa jopo zinaandikwa wazi, ili asiwepo wa kusema alionewa gizani.

Fundi wa redio ameanguka, na hatarudi tena mbele ya jopo. Alikuwa amesimama pembeni yetu, alitupongeza, akaondoka. Ndipo nilipoona vizuri ukubwa wa jambo tuliloliomba.

Mama Rosette amepita. Alama za mwalimu wa tatu ndizo za chini kuliko zote, na zimetosha.

Olive alipiga kelele akamkumbatia mama yake hadi kilemba kikaanguka matopeni. Mukamurenzi, ambaye karatasi yake ya ulinganisho ilifika juzi, alipiga kelele kwa ajili ya wote wawili. Mama mwenyewe alikuwa anasoma mstari wake kwa kidole, kutoka kushoto kwenda kulia, akakisimamisha kwenye ile alama ya chini.

"Muzee," akasema, "ambia mwenye aliandika hii kwamba nimeiona. Umwambie kwamba binti yangu anaolewa fasi muzuri."

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Mama Gisèle, bila kuinua kichwa, alisema: "Mama, kesho saa mbili, picha nne. Ukuta mweupe."

1 Desemba

Masomo yameanza. Hakuna dosye tena, nimerudisha ufunguo kwa Padri. Domitille ameniuliza kama nataka kumenya viazi. Nimemenya, kimya.

5 Desemba

Mukamurenzi amepita nyumbani kutuamkia, na ametusimulia kilichotokea katika wiki ya kwanza. Naandika kama alivyosema.

Mazoezi ya mwaka wa kwanza yanaongozwa na Bienvenu. Hakuna mwingine. Siku ya kwanza Mama Rosette alikaa benchi la mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, kitenge kichwani. Bienvenu alifundisha akiangalia ubao. Wanafunzi hawakuelewa, wengine walidhani ana maumivu ya shingo. Katikati ya somo mama alikuwa na swali. Alilishika muda mrefu. Mwishowe alimwinamia Mukamurenzi aliyekaa mbele yake, na msichana akasimama: "Assistant, mama anauliza kama mukataba wa mudomo unaweza kushika bila mushuhuda."

Bienvenu, uso kwenye ubao, alisema: "Ambia mama ni swali la muzuri," akalijibu kwa urefu.

Vijana walicheka siku hiyo. Siku ya pili hawakucheka, kwa sababu maswali ya mama yalikuwa yale ambayo wao wenyewe hawakuthubutu kuuliza. Siku ya tatu waligombania nani ayapeleke.

Na jana, anasema Mukamurenzi, kijana mmoja wa Kibati ambaye hajafungua mdomo tangu masomo yaanze alimgusa Mama Rosette begani, akamnong'oneza swali lake, akamwomba alipeleke. Mama alimpa Mukamurenzi, Mukamurenzi akampa wa mbele yake, na likaenda hivyo, benchi kwa benchi, mpaka ubaoni. Bienvenu alilisikiliza. Akajibu. Jibu likarudi nyuma kwa njia ileile, na kila benchi lililopitiwa nalo liliandika.